Skrubu Iliyochubuka na Pini Iliyovimba: Kuchagua Zana za Bastola kwa Kusoma Dalili

Bastola ikiletwa mezani kwangu, baada ya kuhakikisha haina risasi, hutazama vichwa vya skrubu na ncha za pini kabla sijamuuliza mwenyewe chochote. Skrubu iliyochubuka, pini iliyovimba kichwa kama uyoga na mkwaruzo wa nusu duara ubavuni huniambia ni zana gani iliyotumika, na mara nyingi huniambia pia kwamba kasoro iliyomleta mwenye silaha ilizaliwa siku alipoamua kuisafisha. Nimetunza ghala la silaha la kampuni ya ulinzi hapa Mwanza kwa miaka mingi, na kati ya bastola nilizopokea zikisemwa ni mbovu, zilizoumizwa na zana zisizofaa ni nyingi kuliko zilizochoshwa na risasi. Kwa hiyo nitakwenda kama ninavyokwenda kazini: dalili, chanzo chake, kisha zana ambayo ingepaswa kuwa mkononi.

Msomaji ninayemlenga ni mtu anayemiliki au kutunza bastola kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kazi ninazoeleza ni za kufungua silaha kwa ajili ya usafi na matunzo ya kawaida. Kubadili utendaji wa triga, kuchonga vipande au kugusa chuma chenye namba ya silaha si kazi ya mezani nyumbani. Kuhusu risasi, mpangilio ni mmoja tu: magazini (kibweta cha risasi) hutoka kwanza, kisha slaidi (sehemu ya juu inayokwenda na kurudi) huvutwa, kisha chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) hutazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na risasi zote hupelekwa chumba kingine. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huitoa risasi moja na kuiingiza nyingine, halafu huamini kwamba chemba ni tupu. Kosa hilo ni zito zaidi kwa bastola kama Glock, ambayo haiachii slaidi mpaka triga ivutwe.

Kichwa cha skrubu kimechubuka

Bisibisi bapa inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi imechongwa kama kabari, nene juu na nyembamba ncha. Mfereji wa skrubu ya bastola, kwa upande wake, una kuta zilizosimama wima. Kabari ikiingia humo hugusa kingo za juu peke yake, na mkono unapoongeza nguvu bisibisi hupanda, huteleza nje, na huondoka na ukingo wa mfereji pamoja na rangi ya kibao cha mpini kilicho karibu. Mwenye silaha hudhani skrubu ilikuwa laini. Skrubu haikuwa na kosa.

Bisibisi inayofaa ina ncha yenye pande zinazokwenda sambamba, inayojaza mfereji kwa unene, kwa kina na kwa urefu, bila kuzidi upana wa kichwa cha skrubu. Kipimo changu ni rahisi: naiingiza, nalegeza mikono, kisha naitikisa kidogo, na ikicheza kama jino la mtoto naiweka pembeni na kuchukua nyingine. Seti za mafundi wa bunduki zenye ncha nyingi za kubadilisha huuzwa nje ya nchi na baadhi ya watu huagiza, lakini bisibisi nzuri ya kawaida inaweza kuchongwa kwa tupa laini mpaka pande zake zinyooke. Itumike tupa, wala si jiwe la umeme. Nimewahi kumpa fundi baiskeli mmoja wa Buzuruga kazi hiyo, akaisaga kwenye jiwe lake kwa dakika moja hadi ncha ikageuka buluu. Rangi hiyo ina maana kwamba chuma kimepata joto na kupoteza ugumu wake, na bisibisi ile ilijipinda kwenye skrubu ya kwanza.

Skrubu isiyotoka ingawa bisibisi imekaa sawasawa huwa imeshikwa na kutu au na gundi ya kukazia nyuzi. Ya kutu huwekewa tone la mafuta ya kupenya na kuachwa mpaka kesho yake, kisha hugongwa polepole kichwani kabla ya kuzungushwa. Ya gundi hulegea kwa joto, na ncha ya pasi ya kulehemu ikishikizwa kwenye kichwa cha skrubu hutosha, ila vibao vya plastiki huyeyuka mapema kuliko gundi inavyolegea, hivyo si kila skrubu huvumilia dawa hiyo.

Skrubu zenye tundu la pembe sita zina mtego wake. Bastola na vifaa vya Marekani mara nyingi hupimwa kwa inchi, ilhali alenki, yaani funguo za pembe sita, zinazouzwa kwetu nyingi ni za milimita. Tundu la inchi 3/32 ni sawa na milimita 2.38, alenki ya milimita 2.5 haiingii, na ya milimita 2 huzunguka bure hadi pembe zote zigeuke duara. Mtu akishaona alenki mbili zimegoma, moja kwa kubana na nyingine kwa kupwaya, ajue anashughulika na inchi na atafute seti yake badala ya kuigonga ile nene kwa nyundo.

Pini haitoki, au imetoka ikiwa na kichwa kama uyoga

Hapa ndipo uharibifu mkubwa hutokea. Zana ninayoikuta mara nyingi ni msumari uliokatwa ncha. Msumari ni chuma laini: ukigongwa hujipinda, na ukishaingia tunduni hupanuka na kukwama, ukawa na pini mbili za kutoa badala ya moja. Anayefuata kwa kutumia tindo au bisibisi huipasua pini kichwani, na pini iliyovimba hukwangua tundu njia nzima inapotoka, kisha haikai tena imara ikirudishwa.

Panchi, yaani vijiti vya kugongea pini ili itoke, ziko za aina tatu na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni fupi na imechongoka kuelekea ncha. Hiyo ni ya kuigutusha pini isogee milimita moja au mbili, kwa sababu ufupi wake huifanya isipinde. Ya pili ni ndefu na nyembamba kwa unene ule ule toka juu hadi chini, na hiyo ndiyo huisindikiza pini mpaka itoke upande wa pili. Wengi huanza na hii ndefu na kuivunja. Ya tatu ina kinundu kidogo katikati ya ncha, na ni kwa ajili ya pini za mrija, zile zilizokunjwa kwa bati la chuma zikabaki na ufa ubavuni. Kinundu huingia katika tundu la mrija na kuizuia ncha isiteleze. Panchi bapa ikitumika badala yake huukunja mdomo wa mrija kwa ndani, na pini ya namna hiyo haifai kurudishwa.

Panchi iwe nyembamba kidogo kuliko pini, isilingane nayo na isiwe nusu yake. Seti yenye milimita 1.6, 2.4 na 3.2, ambazo ni inchi 1/16, 3/32 na 1/8, hutosha kwa sehemu kubwa ya pini za bastola ambazo mmiliki ana sababu ya kuzigusa. Panchi za shaba nyeupe zinapendwa kwa kuwa haziachi kovu kwenye chuma, na alama za rangi ya dhahabu zinazobaki hufutika kwa dawa ya kusafishia; hata hivyo shaba nyembamba hujikunja upesi, kwa hiyo chini ya milimita tatu hivi mimi hutumia chuma na kuwa mwangalifu zaidi. Nyundo iwe ndogo, ya gramu mia moja na kitu, yenye uso mmoja wa shaba na mwingine wa nailoni. Nyundo ya seremala ina uzito wa kujengea paa.

Kabla ya kugonga, tazama ncha zote mbili za pini kwa kioo cha kukuza. Pini nyingine zina vijimikwaruzo vya kubania upande mmoja tu, na hizo husukumwa kutoka upande ulio laini ili upande wenye mikwaruzo utangulie kutoka. Nyingine zimechongoka kidogo, nazo husukumwa kutoka upande mwembamba. Anayegonga upande usiofaa huikaza pini kila pigo, naye huongeza nguvu kila pigo, mpaka kitu fulani kipasuke.

Chini ya bastola pawe na tegemeo lenye tundu ambamo pini itadondokea. Vipande vya nailoni vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo ni vizuri, lakini kipande cha mbao ngumu ya mninga kilichotobolewa matundu mawili matatu na kufunikwa kwa kitambaa hufanya kazi ile ile, na hicho kwa fundi seremala yeyote wa Mabatini ni kazi ya dakika chache. Jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, lisitumike bila mataya yaliyofunikwa kwa mbao au ngozi.

Kwa bastola zenye fremu ya plastiki kuna dalili moja ya kuzingatia: pini zake zimekusudiwa kutoka kwa kusukumwa na kugongwa kidogo sana. Kwenye Glock, pini ya triga ikigoma, kwa kawaida ni wenzo wa kuzuilia slaidi uliokaa juu ya mfuo wa pini, na ukiutikisa huku unasukuma, pini huachia. Hapo nguvu haihitajiki hata kidogo.

Slaidi haichomoki

Sehemu hii ni fupi kwa sababu katika bastola nyingi tatizo si zana. Beretta 92 ina kitufe upande wa kulia na wenzo upande wa kushoto. Makarov hufunguka kwa kuushusha mzingo unaokinga triga na kuulaza kando kidogo. CZ 75 inataka slaidi irudishwe nyuma kidogo hadi vistari viwili, kimoja cha slaidi na kimoja cha fremu, vikutane, ndipo pini ya kuzuilia slaidi isukumwe kutoka kulia kwenda kushoto. Pini hiyo huwa ngumu katika bastola mpya, na nyundo ya nailoni huisaidia. Anayetafuta bisibisi ili kufungua bastola hizi kwa usafi wa kawaida amekwishapotea njia. Bastola ya mtindo wa 1911 ndiyo yenye haja ya kitu, nacho ni spana bapa ndogo ya kuzungushia kola iliyo mdomoni mwa mtutu, na baadhi ya zilizoboreshwa huhitaji alenki kwa fimbo ya springi.

Springi imeruka na haionekani

Chanzo ni kufungua kipande chenye springi iliyobanwa huku kidole hakijakizuia, na spana ya kola ya 1911 ina sifa mbaya katika hili, maana kizibo cha springi hutoka kama jiwe la manati. Vaa miwani ya kukinga macho. Kwa vipande vidogo, ingiza mikono na bastola ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, ufungue humo humo, na springi itakayoruka itabaki mfukoni. Nilipolionyesha jambo hili kwa mara ya kwanza, walinzi vijana walicheka wakasema mzee anapika ugali kwenye mfuko. Waliacha kucheka baada ya kutafuta springi ya urefu wa punje ya mchele kwenye sakafu ya saruji jioni nzima.

Mkwaruzo wa nusu duara ubavuni

Dalili hii ni ya 1911 na ndugu zake. Hutokea wakati wa kufunga, pale wenzo wa kuzuilia slaidi unapozungushwa kwenda juu huku ncha yake ikiburuzwa kwenye fremu. Zana ya kuuzuia ni kadi ya benki iliyokwisha muda, iliyowekwa kati ya wenzo na fremu. Mkwaruzo ukishakuwapo hauathiri utendaji, ila bei ya kuuza hushuka.

Kutu ndani ya siku mbili tangu kusafishwa

Watu wa Tanga na Dar es Salaam hulaumu bahari, na wana haki. Sisi tunaishi kando ya Ziwa Victoria, ambalo ni la maji baridi, yasiyo na chumvi ya bahari, kwa hiyo lawama ya moja kwa moja kwa ziwa haitoshi. Hewa yetu ni nyevu, hasa wakati wa masika, na mlinzi anayekesha Mwaloni Kirumba hurudi asubuhi na silaha iliyokuwa kwenye baridi ya usiku. Ikifungiwa kwenye kabati la bati bila kufutwa, umande hubaki juu yake. Lakini chumvi inayokula chuma hutoka kwetu wenyewe, katika jasho la kiganja na la kiuno, na hukaa katika ngozi ya mkoba wa bastola. Bastola isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi, hata kama mkoba ni mpya.

Chumvi ya pili hutoka katika risasi. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, zikiwamo za milimita 7.62 za bastola ya Tokarev na nakala yake ya Kichina, zina kiwashio (kile cha kitakoni kinachowasha baruti) chenye klorati ya potasiamu, ambacho kikilipuka huacha kloridi ya potasiamu mtutuni. Hiyo ni chumvi, ndugu wa karibu wa ile ya mezani, na huvuta unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi; huifunika tu. Ndiyo maana mtu husafisha mtutu kwa mafuta mengi, akauona unang'aa, na kesho yake akakuta rangi ya chungwa ndani. Zana inayokosekana hapo ni birika la maji ya moto: mtutu uliochomolewa humiminiwa maji, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa mafuta, na vipande vingine vilivyopata moshi hufanyiwa hivyo hivyo.

Kuhusu mafuta yenyewe, uamuzi wangu ni mkali kidogo. Oili chafu ya gari isikaribie bastola, kwa sababu ina tindikali na chembe za chuma. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Mafuta ya taa husafisha vizuri lakini hayaachi kinga ya kutosha, na petroli ni hatari ya moto isiyo na sababu. WD-40 ilibuniwa kufukuza maji, na kazi hiyo huifanya; utando unaobaki baada yake ni mwembamba, hivyo ifuatwe na mafuta ya bunduki. Kutu iliyokwisha kuota juu ya chuma isiondolewe kwa msasa, maana msasa huondoa na rangi ya kinga. Mafuta na brashi ya nailoni kwanza, kisha, ikibidi, sufi ya chuma ya daraja laini kabisa, la 0000, ikisuguliwa kwa upole.

Kitambaa kinatoka na rangi ya kijani kila mara

Kijani huashiria shaba, na mtu huendelea kusugua akidhani mtutu bado mchafu. Dawa nyingi za kuondoa shaba zina amonia, nayo haibagui kati ya shaba iliyoachwa na risasi na shaba ya brashi. Brashi yenyewe inayeyuka. Tumia ya nailoni ukiwa na dawa hiyo, na ya shaba kwa dawa nyingine. Bastola iliyopakwa nikeli isipewe dawa ya amonia kabisa.

Brashi ilingane na kipenyo cha mtutu, ya milimita 9 kwa mtutu wa milimita 9, na ivuke mdomo wa mtutu yote kabla ya kurudishwa, kwani ikigeuzwa katikati nyuzi zake hukunjika. Fimbo ya kusafishia iingie kutoka upande wa chemba. Fimbo inayoingizwa kwa mdomoni hula ukingo wa mwisho ambao risasi huugusa ikiondoka, na ukingo huo ukiliwa upande mmoja, shabaha huhama bila sababu inayoonekana. Fimbo za vipande vya alumini hubeba mchanga kwenye maungio. Ya kipande kimoja iliyofunikwa kwa plastiki ni bora. Mabaki ya kiwashio huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo kazi hii isifanyike kwenye meza ya chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yasiyo ya moto.

Imesafishwa vizuri, sasa inakwama

Mara nyingi imesafishwa kwa mafuta mengi mno. Mafuta yanayoingia katika njia ya pini ya kupigia kiwashio hukusanya vumbi na kuipunguzia kasi, na dalili yake ni kiwashio chenye alama hafifu ambacho hakikulipuka. Njia hiyo kwenye Glock huachwa kavu. Ndani ya magazini pia pawe pakavu. Ganda la risasi lisipotoka, tazama chini ya ndoano inayolivuta, mahali ambapo masizi hujibana. Mswaki wa zamani na kijiti cha meno hufika huko bila kukwaruza, na hakuna haja ya kuing'oa ndoano.

Kipande kimebaki mezani

Bastola imefungwa, slaidi inakwenda na kurudi, na kuna pini au springi ndogo juu ya kitambaa. Chanzo ni kufanya kazi bila sinia lenye kingo na bila kupiga picha kwa simu katika kila hatua. Kipande hicho hakikuwekwa na kiwanda kwa mapambo, na huenda kikawa ndicho kinachozuia bastola isifyatuke inapoanguka. Risasi zisirudi humo. Kama mchoro wa kitabu cha kiwanda hauonyeshi mahali pake kwa uhakika, kipande kiwekwe katika bahasha, namba ya silaha iandikwe juu yake, na vyote viwili vipelekwe pamoja kwa fundi wa silaha mwenye leseni.